Kashfa ya polisi na mfichuaji wake: makala ipi iingie ndani ya ipi?

Swali la msomaji: "Ninahariri Wikipedia ya Kiswahili. Niliandika makala mbili fupi. Moja inamhusu Adrian Schoolcraft, askari polisi wa New York aliyewarekodi wakubwa wake kwa siri. Ya pili inahusu kashfa ya takwimu za uhalifu katika kituo alichofanyia kazi. Mhariri mwenzangu ameweka kigezo (tangazo la juu ya makala) cha kuziunganisha akisema zinarudia mambo yale yale. Mimi naogopa kwamba zikiunganishwa yule mtu atapotea. Je, nikubali? Na nikikubali, ipi iingie ndani ya ipi, na kazi yenyewe inafanywaje bila kuharibu?"

Ndugu yangu, kubali kuunganisha, ila kwa sharti moja: makala ya mtu iingie ndani ya makala ya kashfa, isiwe kinyume chake. Kama mwenzako anataka kashfa iwe sehemu ndogo ndani ya makala ya Schoolcraft, pinga. Katika makala za namna hii upande wa kuunganisha ndio uamuzi mzito kuliko yote, na wahariri wengi hawaufikirii. Hutazama tu ipi ndefu na ipi fupi, kisha fupi ikamezwa.

Hoja yangu imo katika mambo yaliyompata Schoolcraft mwenyewe, kwa hiyo nayarudia hapa kwa ufupi hata kama unayajua. Alikuwa askari wa kituo cha 81, mtaa wa Bedford-Stuyvesant, Brooklyn. Kati ya 2008 na 2009 alirekodi kwa siri mikutano ya kuanza zamu na maongezi mengine kituoni. Sauti hizo zilionyesha askari wakishinikizwa kutimiza idadi fulani ya watu wa kuwakamata, kuwasimamisha barabarani na kuwaandikia hati za makosa. Wakati huohuo malalamiko ya uhalifu mkubwa yalikuwa yakishushwa daraja, au hayaandikwi kabisa, ili takwimu za kituo zipendeze. Alipeleka habari kwa wakaguzi wa ndani wa idara. Tarehe 31 Oktoba 2009 aliondoka kazini kabla ya zamu kwisha akisema anaumwa. Usiku ule wakubwa wake waliingia nyumbani kwake Queens, wakamchukua kwa nguvu mpaka Jamaica Hospital, akawekwa siku 6 katika wodi ya wagonjwa wa akili. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa walipoingia. Mwaka 2010 gazeti la Village Voice lilichapisha mfululizo wa habari juu ya kanda zake. Ripoti ya ndani ya polisi iliyokamilika mwaka huohuo, lakini ikafika kwa umma mwaka 2012, ilithibitisha sehemu kubwa ya aliyoyasema. Mwaka 2015 jiji lilikubali kumlipa dola 600,000 ili kumaliza kesi yake.

Tazama kilichofanyika usiku ule wa Oktoba. Swali lilikuwa: je, takwimu zinachakachuliwa? Baada ya usiku mmoja likawa: je, huyu mtu ana akili timamu? Mazungumzo yalihamishwa kutoka jambo lililosemwa yakapelekwa kwa aliyelisema. Hii ndiyo njia ambayo taasisi nyingi hujikinga nayo, na ndiyo sababu naliona suala la kuunganisha makala kuwa zito kuliko linavyoonekana kwenye kigezo cha mstari mmoja. Makala ikibeba jina la mtu na kuificha kashfa ndani yake, inafanya uhamisho uleule bila mwandishi kukusudia. Msomaji anaanza na mwaka wa kuzaliwa, anapita kwenye ugomvi wake na wakubwa, anasoma habari ya hospitali, ndipo anafika chini kabisa kwenye takwimu. Na mabishano yote katika ukurasa wa majadiliano yatamhusu yeye: alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa na kinyongo au hakuwa nacho, alistahili fidia au hakustahili. Wananchi wa Bedford-Stuyvesant waliokwenda kituoni kushtaki kwamba wameibiwa wakarudishwa nyumbani bila kuandikiwa hawatakuwa na mahali katika makala hiyo.

Mfano wa Ireland unalionyesha hili kwa uchungu zaidi. Maurice McCabe alikuwa sajini wa Garda, polisi wa nchi hiyo. Alilalamikia uchunguzi uliofanywa ovyo katika eneo lake, kisha akafichua jinsi alama za adhabu za madereva zilivyokuwa zikifutwa kiholela. Januari 2014 kamishna wa polisi, Martin Callinan, aliiambia kamati ya bunge kwamba anaona mwenendo wa wafichuaji hao unachukiza. Callinan aliondoka madarakani Machi 2014, na waziri wa sheria Alan Shatter akafuata Mei. Miaka minne baadaye, Oktoba 2018, tume iliyoongozwa na jaji Peter Charleton ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba Callinan aliendesha kampeni ya kumpaka McCabe matope, akisaidiwa na ofisa habari wa polisi. Katika kampeni hiyo ilitumika tuhuma ya uongo ambayo sioni haja ya kuirudia hapa. Mwandishi wa kamusi elezo ana wajibu huohuo wa kujiuliza. Tuhuma ya uongo ikiwekwa katika makala yenye jina la mtu, kila anayelitafuta jina hilo atakutana nayo, hata kama sentensi inayofuata inasema ni uongo. Ikiwekwa katika makala ya kashfa, chini ya habari za tume, inasomeka jinsi ilivyokuwa: silaha iliyotumiwa na watu fulani, kwa tarehe fulani, kwa lengo fulani.

Kwa hiyo hofu yako kwamba Schoolcraft atapotea naiheshimu, lakini naona iko upande usio wake. Mtu aliyejulikana kwa tukio moja tu, na ambaye hakutafuta kujulikana kwa lingine lolote, analindwa zaidi akisimuliwa ndani ya tukio hilo. Kanuni za Wikipedia kuhusu watu walio hai zinasema takribani hivyo, na kwa wafichuaji zina uzito wa pekee. Makala ya wasifu ina mazoea yake: inataka tarehe ya kuzaliwa, wazazi, ndoa, elimu, afya, anakoishi sasa. Mhariri mwema anayepita huona sanduku la habari, lile jedwali la pembeni, lina nafasi wazi, akalijaza. Kwa mtu ambaye polisi waliwahi kuingia nyumbani kwake usiku, sioni kwa nini kamusi elezo iwe na hamu ya kujua anaishi wapi leo.

Si kila mfichuaji aingizwe ndani ya kashfa yake, hata hivyo. Ninachopima ni hiki: ukiiondoa kashfa, je, vyanzo huru bado vina la kusema juu ya mtu? Na ukimwondoa mtu, je, kashfa bado inasimama? Frank Serpico anajibu ndiyo kwa maswali yote mawili. Aliripoti hongo katika polisi ya New York kwa miaka bila kusikilizwa, mpaka New York Times ilipochapisha habari hiyo Aprili 1970 na Meya John Lindsay akaunda tume ya uchunguzi, maarufu kama Tume ya Knapp. Februari 1971 Serpico alipigwa risasi usoni katika msako wa dawa za kulevya huko Brooklyn, akapona, akatoa ushahidi mbele ya tume mwaka huohuo. Maisha yake yameandikiwa kitabu, yametengenezewa filamu mwaka 1973, na ameendelea kunukuliwa juu ya polisi kwa miongo kadhaa. Tume nayo ina mengi yasiyomhusu: muundo wake, mashahidi wengine, namna ilivyowagawa askari wala rushwa katika makundi mawili, wale waliopokea kinachowajia na wale waliokitafuta kwa nguvu. Hapo makala mbili ni haki, kila moja ikiwa na aya fupi inayomwelekeza msomaji kwenye mwenzake. Kuziunganisha kungeziharibu zote.

Mfano huohuo una onyo lingine. Serpico hakuwa peke yake. Alifanya kazi hiyo pamoja na askari mwenzake David Durk, na Durk ndiye aliyesaidia sana kuwafikisha kwa waandishi wa habari. Wangapi wanamjua Durk? Ndivyo ilivyo hata Ireland, ambako askari John Wilson naye alifichua habari za alama za madereva. Kashfa inapopewa jina la mtu mmoja, wenzake hufifia. Mtu anayejali wafichuaji kama wewe anapaswa kulitazama hili: makala ya kashfa ina nafasi ya kuwataja wote kwa uzito wanaostahili, makala ya shujaa mmoja haina.

Nirudi kwa makala zako. Ukimwondoa Schoolcraft, kashfa inasimama? Inasimama imara, na ni pana kuliko kituo cha 81. Askari wengine wa New York, Adhyl Polanco na Pedro Serrano, nao walirekodi wakubwa wao na kutoa ushahidi katika kesi ya Floyd dhidi ya Jiji la New York. Agosti 2013, katika kesi hiyo, Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba namna polisi walivyokuwa wakiwasimamisha na kuwapekua watu barabarani ilivunja katiba. Kesi nyingine, iliyohusu hati za makosa zilizotolewa bila msingi, ilimalizwa mwaka 2017 kwa makubaliano ambayo yangeweza kuligharimu jiji hadi dola milioni 75. Mambo hayo yote yana mzizi mmoja: shinikizo la namba. Ningekushauri usiishie kuunganisha makala mbili chini ya jina la "Kashfa ya kituo cha 81". Tengeneza makala moja yenye jina la maelezo, kwa mfano "Shinikizo la idadi na takwimu za uhalifu katika polisi ya New York". Kituo cha 81 kiwe sehemu ndani yake, na Schoolcraft awe na kichwa chake humo. Jina la namna hiyo halimhukumu mtu, wala halimfanyi mtu kuwa tangazo.

Lakini upana nao una mwisho. Mwaka 2013 askari wa London, James Patrick, aliiambia kamati ya bunge la Uingereza jinsi takwimu za uhalifu zilivyokuwa zikichezewa, na Januari 2014 takwimu za uhalifu zilizorekodiwa na polisi wa Uingereza na Wales ziliondolewa hadhi ya kuwa takwimu rasmi za taifa. Habari hizi zinafanana sana na za Brooklyn. Kufanana hakutoshi. Vyanzo vinasimulia nchi mbili, sheria mbili, idara mbili, na ukizichanganya utakuwa umeandika nadharia yako mwenyewe. Kiungo katika sehemu ya "Tazama pia" kinatosha.

Kabla hujaanza kukata na kubandika, amua pia nani anastahili kuitwa mfichuaji. Neno hilo ni sifa, na linapotolewa kirahisi linawadhulumu walioligharimia. Katika kashfa ya polisi wa Rampart, Los Angeles, Rafael Pérez ndiye aliyetoa maelezo yaliyofungua kila kitu, na hukumu zaidi ya 100 zikatenguliwa. Lakini Pérez alikamatwa mwaka 1998 kwa kuiba kokeini kutoka ghala la vielelezo la polisi, na alizungumza baada ya kukubaliana na waendesha mashtaka ili apunguziwe adhabu. Mwandike alivyokuwa: mshtakiwa aliyetoa ushahidi. Mlinganishe na Keith Batt wa Oakland, California, askari mpya kabisa ambaye mwaka 2000 aliripoti kwamba wenzake wa zamu ya usiku walikuwa wakipiga watu na kuwabambikia kesi. Hakuwa na kesi ya kupunguziwa. Ukiunganisha makala nyingi za namna hii katika orodha moja bila kutofautisha, watu hawa wawili watakaa bega kwa bega chini ya jina moja, na msomaji atatoka na picha ya uongo.

Oakland inatufundisha pia haki ya upande wa pili. Mwaka 2003 jiji lilikubali kulipa dola milioni 10.9 kwa walalamikaji 119 na kuwekwa chini ya uangalizi wa mahakama ya shirikisho. Hata hivyo askari watatu waliofikishwa mahakamani hawakutiwa hatiani, ingawa kesi ilisikilizwa mara mbili. Ukweli huu wote unapaswa kukaa katika aya moja. Kuunganisha ndiko kunakoutenganisha mara nyingi: mhariri anahamisha sentensi ya fidia kwa kuwa ni nzito, anaacha sentensi ya kutotiwa hatiani kwa kuwa inaonekana kama maelezo ya ziada. Hivyo ndivyo mtu asiyehukumiwa anavyogeuzwa mhalifu na mkasi wa mhariri. Mimi majina ya askari wale siyataji hapa, na hata katika makala ningewataja tu pale ambapo vyanzo vizuri vimewataja na matokeo ya kesi yako katika sentensi ileile.

Na matokeo hubadilika. Naibu waziri mkuu wa Ireland, Frances Fitzgerald, alijiuzulu Novemba 2017 kwa sababu ya sakata la McCabe. Ripoti ya Charleton ya mwaka uliofuata ilisema alitenda ipasavyo. Aliyeunganisha makala Desemba 2017 na kuondoka alimwacha mama huyo katika hali ya lawama. Unapounganisha, umechukua dhamana ya habari zote mbili, kwa hiyo soma upya kila sentensi inayomhusu mtu aliye hai na uulize kama kuna lililotokea baada ya chanzo kuandikwa. Vitenzi vyako viwe na nidhamu: alidai, alishtakiwa, tume ilieleza, mahakama iliamua. Kila kimoja kina hatua yake, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuchukua nafasi ya kingine. Taarifa ya polisi kwa vyombo vya habari si chanzo huru juu ya polisi. Kanda za mfichuaji nazo si chanzo huru juu ya mfichuaji. Tumia waandishi na majaji waliozichambua.

Utajiuliza kama yule aliyeweka kigezo ana nia njema. Anza kwa kuamini kwamba anayo, maana mara nyingi anayo, na makala mbili fupi zinazorudiana kweli ni tatizo. Ila usiwe mjinga wa historia. Machi 2015 tovuti ya habari ya Capital New York iliripoti kwamba makala za Wikipedia juu ya Eric Garner, Sean Bell na Amadou Diallo, watu waliouawa mikononi mwa polisi wa New York, zilikuwa zimehaririwa kutoka mtandao wa kompyuta wa makao makuu ya polisi hao. Maneno yalilainishwa. Katika habari ya Sean Bell kulikuwa na jaribio la kuifanya makala ifutwe kwa hoja kwamba karibu hakuna tena anayejali. Kutokana na hilo nimejifunza kutazama matokeo kuliko nia: baada ya kuunganisha, je, kuna ukweli wenye chanzo kizuri ambao haupo tena popote? Kama upo, si kuunganisha huko, ni kufuta kwa jina jingine, hata aliyefanya awe malaika.

Sasa kazi ya mikono. Kigezo kiwe kwenye makala zote mbili, lakini mjadala uwe mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala itakayobaki. Mjadala ukigawanyika, muafaka haupatikani. Wape watu angalau wiki moja. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili wahariri hai ni wachache, hivyo mwarifu yeyote aliyewahi kuongeza jambo la maana katika makala hizo, na kama hakuna anayejibu, mwombe mkabidhi mmoja (msimamizi wa Wikipedia hiyo) atoe maoni kabla hujaendelea. Ukimya si kibali cha kufanya lolote katika habari za watu walio hai.

Andaa maandishi mapya katika ukurasa wako wa majaribio. Usibandike makala moja chini ya nyingine ukadhani umemaliza. Hapo ndipo panapozaliwa makala zinazosimulia usiku wa 31 Oktoba mara tatu. Fuata mpangilio wa jambo lenyewe: shinikizo la namba lilivyofanya kazi, nani walilifichua na vipi, idara ilijibuje, wachunguzi na mahakama walisema nini, nini kilibadilika. Habari ya hospitali iwe katika sehemu ya majibu ya idara, kwa sababu hapo ndipo ilipo kihistoria. Sanduku la habari la mtu liondoke. Mwaka wake wa kuzaliwa na familia yake viondoke pia, isipokuwa kitu kinachoeleza kashfa.

Kuna mtego mmoja mdogo unaowanasa hata wazoefu. Makala zote mbili zinaweza kuwa na tanbihi yenye jina lilelile, tuseme "voice2010", lakini kila moja ikielekeza habari tofauti. Ukizileta pamoja, programu italeta ujumbe wa kosa. Kibaya zaidi, kama ulihamisha matumizi ya tanbihi bila kuhamisha ufafanuzi wake, sentensi itajikuta inategemea chanzo ambacho hakisemi hivyo, na hakuna ujumbe wowote utakaokuonya. Zibadilishe majina kabla ya kuhamisha, kisha bofya moja moja.

Unapohifadhi, muhtasari wa uhariri ndio mahali pa sheria. Maandishi ya Wikipedia yanatolewa kwa leseni ya Creative Commons inayodai waandishi watambuliwe. Ukihamisha aya zilizoandikwa na wengine bila kusema zimetoka wapi, umewanyang'anya kazi yao. Andika waziwazi: "Maandishi yamehamishwa kutoka [[Adrian Schoolcraft]], tazama historia ya ukurasa huo kwa orodha ya waandishi." Kisha nenda kwenye ukurasa wa zamani, futa maandishi yake, weka amri ya #REDIRECT, yaani elekezo linalompeleka msomaji ukurasa mwingine, kuelekea kichwa cha Schoolcraft ndani ya makala mpya, na katika muhtasari eleza umeyahamishia wapi. Ukurasa huo usifutwe kamwe, maana historia yake ndiyo ushahidi wa nani aliandika nini. Wala usimwombe mkabidhi achanganye historia za kurasa mbili zilizoandikwa sambamba. Matoleo yataingiliana na hakuna atakayeelewa tena.

Hapa ndipo hofu yako inapojibiwa. Anayeandika "Adrian Schoolcraft" katika kisanduku cha kutafuta atapelekwa moja kwa moja kwenye habari yake. Ukurasa wa elekezo unaweza kubeba jamii zake (makundi ambamo makala hupangwa), kwa mfano ile ya wafichuaji, hivyo jina lake litaendelea kuonekana kwenye orodha. Angalia pia orodha ya kurasa zinazoungana na ukurasa wa zamani: elekezo linaloelekea kwenye elekezo jingine halimfikishi msomaji, kwa hiyo lirekebishe likaelekee makala mpya. Na mtu akibadilisha kichwa cha sehemu siku zijazo, elekezo litamtua msomaji juu kabisa ya makala. Acha maelezo ya siri ndani ya msimbo, juu ya kichwa hicho, yanayosema kuna elekezo linalokitegemea.

Kwenye Wikidata, hazina ya data inayounganisha makala za Wikipedia za lugha mbalimbali, usiunganishe chochote. Rekodi ya Schoolcraft ni ya binadamu, rekodi ya kashfa ni ya jambo, na hata kama kwa Kiswahili yanasimuliwa katika ukurasa mmoja, hayo ni vitu viwili. Lugha nyingine zinaweza kuwa na makala mbili, na ukizichanganya rekodi utavuruga viungo vyao vyote. Siku hizi rekodi ya mtu inaweza kuunganishwa na ukurasa wa elekezo kwa kuwekewa alama maalumu. Tumia njia hiyo.

Kwa mjadala, ningeandika hivi, na unaruhusiwa kuyachukua maneno haya kama yalivyo: "Naunga mkono kuunganisha, makala ya mtu iingie ndani ya makala ya kashfa, chini ya jina pana linalotaja shinikizo la idadi katika polisi ya New York. Vyanzo vinamjua Schoolcraft kwa jambo hili moja, lakini jambo lenyewe linawahusu askari wengine na kesi za 2013 na 2017. Napinga kashfa kuingizwa katika wasifu. Nitaandaa rasimu kwenye ukurasa wangu wa majaribio na kuiweka hapa kwa siku saba kabla ya kuhamisha chochote." Iweke rasimu kweli, na mwalike yule aliyeweka kigezo awe wa kwanza kuikosoa. Kama baada ya hapo wengi watataka makala zibaki mbili, zibaki, ila kata marudio: usiku wa Oktoba usimuliwe kwa kirefu katika moja tu, na nyingine iuguse kwa sentensi mbili na kiungo.